Nondo za Kona: Skuli za Msuka na Tetemeko la Ardhi

Alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Watu zaidi ya 15 walifariki, nyumba kwa maelfu zikabomoka au kupata nyufa, na sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika hata zikafungwa kwa muda. Madarasa mengi ya mkoa yalikuwa matupu kwa sababu ya siku yenyewe. Kaskazini mwa Pakistan, tarehe 8 Oktoba 2005, nayo ilikuwa Jumamosi, lakini kwao ni siku ya masomo, na ardhi ilitikisika saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi. Tetemeko lile lilikuwa kubwa zaidi, la ukubwa wa 7.6, na watoto wapatao 17,000 walifia skulini. Mtikisiko wenyewe ni nadra kumuua mtu aliyesimama uwanjani. Kinachoua ni ukuta na dari. Kwa hiyo usalama wa mwanafunzi huamuliwa na fundi na wanaomsimamia, miaka mingi kabla ya siku yenyewe.

Msomaji wa Msuka, huko kaskazini kabisa mwa Pemba, ana haki ya kuuliza hayo yanamhusu nini. Pemba si kaskazini mwa Pakistan, na asiyesema hivyo anatisha watu bure. Lakini kisiwa hiki kimetenganishwa na bara na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, katika ukanda wa nyufa za ardhi zinazohusiana na Bonde la Ufa. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilitokea baharini, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, likasikika Zanzibar na hata Mombasa. Watu husema wazee wetu hawakuwahi kuona skuli ikianguka kwa tetemeko, na ni kweli, ila umri wa wazee ni mfupi mno kuipima ardhi. Ng'ambo ya mkondo, Pangani, wanasayansi wamefukua mchanga na mifupa ya watu iliyoachwa na tsunami ya miaka 1,000 hivi iliyopita, tukio ambalo watu wa leo hawakulijua. Wengine watanyooshea kidole magofu ya msikiti wa Msuka Mjini, ambao mihrabu yake ina mwaka 816 wa Hijria, yaani 1414. Mawe hayo yanastahili heshima, lakini hayatoshi kuwa ushahidi: tunayaona yaliyobaki, hatuyaoni yaliyoanguka.

Ukuta wa matofali ya saruji hubeba uzito wa juu vizuri sana, lakini ukisukumwa ubavuni, viungo vya udongo wa saruji huachana upesi. Tetemeko husukuma ubavuni, na ukuta ukiwa mzito zaidi, nguvu inayousukuma nayo huzidi. Dawa yake ni kuzifunga kuta nne zisimame kama sanduku moja, kwa mkanda wa zege lenye nondo unaozunguka jengo lote juu ya milango na madirisha. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Kwenye kona, nondo za ukuta huu zinatakiwa zikunjwe na kuingia ndani ya ukuta wa pili, zilaliane kwa urefu wa kutosha, kisha zifungwe kwa waya. Zikikatwa pale pale konani, zege litazificha na mkanda utaonekana mzima, kumbe ni vipande vinne visivyojuana. Kisiwani kuna adui mwingine: mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi huila nondo polepole ndani ya zege.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la fedha. Palipo na uhaba wa madarasa na madawati, nani atatumia senti kwa ajili ya tetemeko? Jibu ni kwamba majengo mengi tayari yanawekewa zege juu ya madirisha, na kuukamilisha mkanda huo hadi konani kunahitaji nondo chache za ziada na macho ya msimamizi. Kuta zilizofungwa vizuri, na kenchi zilizofungwa kwenye kuta hizo, hulisaidia paa hata siku ya upepo mkali, na upepo hausubiri miaka 1,000: kimbunga Hidaya kilifika Mafia Mei 2024. California ilijifunza mapema. Baada ya tetemeko la Long Beach la Machi 1933 kuangusha skuli jioni, watoto wakiwa wameshatoka, sheria ilipitishwa mwezi mmoja baadaye kwamba michoro ya skuli za umma ikaguliwe na ujenzi wake usimamiwe na dola.

Zanzibar wananchi mara nyingi huanzisha madarasa kwa nguvu zao, na Serikali humalizia. Basi kamati za skuli na wazazi wa Msuka wasingoje mkaguzi wa mwisho. Siku ya kumwaga zege, kabla fundi hajaanza, mmoja wenu apande ngazi akazitazame kona zote nne. Nondo zikiwa zimekatwa, kazi isimame hadi zikunjwe.