Kapu Lako Umeliacha Wapi?

Nyumbani kwetu Tanga hakuna aliyekwenda sokoni mikono mitupu. Kapu lilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na mtoto aliyetumwa nazi mbili na fungu la bamia alilichukua kabla hajaambiwa. Nikilisahau, bibi aliniita nikiwa nimeshafika uani: "Mjukuu wangu, hizo bamia utazitia kichwani?"

Swali lake ndilo kiini cha jambo hili. Soko la zamani lilijengwa juu ya makubaliano ambayo hayakuandikwa popote: chombo ni cha mnunuzi. Muuzaji alipima au alipanga mafungu yake, basi. Namna ya kubeba haikumhusu. Samaki walitungwa kwa ukuti uliopitishwa kwenye mashavu, ukaondoka na mtungo wako mkononi. Na aliyezidiwa na mzigo alisukiwa pakacha papo hapo kwa kuti bichi la mnazi. Kwa hiyo tusiseme kwamba Waswahili hawakuwa na chombo cha kutumia na kutupa. Pakacha lilikuwa hilo hasa, ila likitupwa chini ya mgomba lilioza likawa mbolea. Hata methali yake, kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, imetungwa na watu waliolibeba.

Kapu ni jambo jingine, kwa maana kapu ni kazi ya siku nyingi. Huanza na ukindu, majani machanga ya mkindu ambayo bado hayajachanua, au miyaa ya mkoma. Majani hukatwa kwa uangalifu, maana ukiugusa moyo wa mti umeuua. Huanikwa juani mpaka yaache ukijani, huchanwa vipande vyembamba, na yale ya kutiliwa nakshi huchemshwa na rangi. Kisha hufuata kusuka ukili, ule utepe mrefu ambao akina mama wa pwani huusuka barazani huku wakizungumza, mikono ikienda yenyewe. Ukili hupimwa kwa pima, hukunjwa kama gurudumu, na ukitosha hushonwa kwa shazia, mzunguko juu ya mzunguko, kuanzia kitako hadi mdomoni. Bara wana yao: vikapu vya Iringa husukwa kwa milulu, na viondo vya Wakamba na Wakikuyu kwa katani.

Kisha mfuko wa plastiki ukaingia. Umbo lake tulijualo, lenye mikono miwili kama fulana, lilibuniwa Sweden na Sten Gustaf Thulin, na hataza yake ya Marekani ni ya mwaka 1965. Mwanawe amesimulia kwamba mzee alitembea na mfuko mmoja uliokunjwa mfukoni, akautumia tena na tena. Kwetu ulienea biashara ilipofunguliwa enzi za urais wa Mzee Mwinyi, ukaitwa rambo, na ukatolewa bure. Hiyo bure ndiyo iliyovunja makubaliano. Wajibu wa chombo ulihama kutoka msumari wa jikoni kwetu hadi meza ya muuzaji, na mnunuzi akajifunza kutoka nyumbani mikono mitupu. Mifereji ikaziba. Mbuzi wakala plastiki. Na yule mama wa barazani akaona ukili wake unakaa bila mshonaji.

Serikali zilipoamka zilikuja na sheria. Zanzibar ilipiga marufuku mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 kwa faini inayofika shilingi milioni nne, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Nilifurahi sana, na bado nafurahi; mitaa inaonekana. Lakini kilichojaza pengo hakikuwa kapu. Ilikuja "mifuko mbadala," ile inayofanana na kitambaa, na mingi yake ni polipropilini, yaani plastiki ile ile kwa sura nyingine. Sheria ilimnyang'anya muuzaji rambo, haikumrudishia mnunuzi kapu lake.

Huku Uingereza ninakoishi sasa nako ni hivyo hivyo. Tangu Oktoba 2015 maduka makubwa ya England yalitoza peni 5 kwa mfuko, na tangu Mei 2021 ni peni 10 katika maduka yote, na watu wengi wamekimbilia mifuko ya pamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na wakala wa mazingira wa hapa ulikadiria kwamba mfuko wa pamba hauna budi kutumika mara 131 ndipo madhara yake kwa tabianchi yawe madogo kuliko ya mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja. Ukienda sokoni mara moja kwa wiki, hiyo ni miaka miwili na nusu. Kapu la bibi lilivuka umri huo likiwa bado na mishikio yake ya kwanza.

Langu nililibeba kwenye sanduku, nguo zikiwa ndani yake. Baridi ya huku huleta ukungu, kwa hiyo nalikausha vizuri likinyeshewa, na majani yakikakamaa nayanyunyizia maji kidogo yalainike. Jumamosi naenda nalo kwenye soko la wazi, ambako matunda huuzwa kwa bakuli, kama mafungu ya kwetu. Muuzaji hunyanyua bakuli la maembe, mkono wa pili ukitafuta kile kimfuko chembamba. Nasogeza kapu. Anamimina.