Mifumo Endeshi katika Maabara ya Mtandao

Mkongo wa intaneti utokao Mombasa huingia Uganda kupitia Malaba, ukapita Tororo na Jinja kabla ya kufika Kampala, lakini mwanafunzi wa mitandao aliyeko Wanyange, kilima kinachotazama Ziwa Viktoria nje kidogo ya Jinja, haruhusiwi kuzichezea ruta za kampuni zinazouhudumia. Kinachomfaa ni maabara ya uigaji, yaani programu kama EVE-NG, inayoendesha ruta kadhaa kama mashine pepe ndani ya kompyuta moja. Programu hiyo huja tupu, kwa sababu mifumo endeshi ni mali ya watengenezaji wake. Mtumiaji hutafuta mwenyewe imeji, yaani faili lililobeba diski nzima pamoja na mfumo uliokwisha kusakinishwa.

Kwa anayeanza, imeji nyepesi ni CHR ya MikroTik, kampuni ya Latvia, ambayo hupakuliwa bila malipo, hutosheka na kumbukumbu ya megabaiti 256, na leseni yake ya bure huzuia tu kasi ya kutuma isizidi megabiti 1 kwa sekunde katika kila kiolesura, kasi inayotosha kabisa kujifunzia. Faili huwekwa katika /opt/unetlab/addons/qemu/, ndani ya folda ambayo jina lake sharti lianze na “mikrotik-” na kufuatiwa na namba ya toleo, nalo faili lenyewe huitwa hda.qcow2. EVE-NG haichunguzi kilichomo. Hutambua kifaa kwa jina la folda, hivyo herufi moja ikikosewa kifaa hakichaguliki, na wengi hapo huilaumu kompyuta isiyo na kosa. Amri ya unl_wrapper -a fixpermissions hukamilisha kazi kwa kurekebisha ruhusa za mafaili.

Imeji moja huhudumia ruta nyingi, kama darasa linalosoma kitabu kimoja huku kila mwanafunzi akiandika katika daftari lake: QEMU, programu inayoendesha mashine hizo pepe ndani ya EVE-NG, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, haiigusi imeji ya asili, bali huandika mabadiliko ya kila ruta katika faili la pembeni. Kwa hiyo anayeibadilisha imeji hiyo baada ya kuunda maabara huziharibu ruta zote zinazoitegemea. Toleo jipya lipewe folda yake.

Kwa ruta tatu tu mwanafunzi anaweza kuwaiga watoa huduma wawili, mmoja wa Jinja na mwingine wa Mbale, wanaokutana Kampala katika kituo cha kubadilishana data mfano wa UIXP, kilichoanzishwa mwaka 2001, akaona pakiti za kwenda Mbale zikielekea kwanza magharibi, kisha akaunganisha Jinja na Mbale moja kwa moja na kulinganisha muda wa safari.