Picha za Kidijiti katika Somo la Mimea Yenye Sumu

Mbarika, ambao mahali pengine huitwa mnyonyo, huota karibu na nyumba zetu, na mbegu zake zina risini, sumu iliyo kali mno. Mtipitipi huzaa mbegu nyekundu zenye baka jeusi, ambazo watoto huzipenda kwa kutunga shanga. Mbegu hizo zikitafunwa huweza kuua. Mnanaha nao humea majalalani na mashambani. Mwaka 2019, huko Karamoja, Uganda, watu wapatao 300 waliugua, na 5 kati yao wakafariki, baada ya kula unga wa msaada ulioingiwa na sumu ya mimea ya jamii ya mnanaha.

Basi, mwalimu atawafundishaje watoto kuitambua mimea hii pasipo kuwatia sumu mikononi? Baada ya Sensa ya mwaka 2022, walimu wengi nchini Tanzania waligawiwa vishikwambi. Kishikwambi, au simu yenye kamera, ni zana inayofaa sana kwa somo hili, ilimradi itumiwe kwa mpango.

Kwanza, maandalio. Mwalimu apige picha za mimea iliyomo katika mazingira ya shule: mmea mzima, jani, ua, tunda na mbegu. Kando ya kila kitu aweke rula, kwani picha peke yake haionyeshi ukubwa.

Pili, ulinganisho. Picha moja moja hufundisha jina tu. Picha mbili zikiwekwa pamoja hufundisha kutambua. Kwa mfano, mbarika na mnanaha yote huzaa matunda yenye miiba. Wanafunzi waulizwe: tofauti ni ipi? Watagundua kwamba jani la mbarika limegawanyika mfano wa vidole, na tunda lake huwa na mbegu tatu kubwa zenye madoadoa. Tunda la mnanaha limejaa mbegu ndogo nyingi. Kila mwanafunzi atoe sababu ya jibu lake.

Tatu, upimaji. Mwalimu asitumie picha zile zile alizofundishia, kwa sababu mtoto huweza kuikariri picha bila kuujua mmea. Atumie picha mpya, kisha awatoe wanafunzi nje wauone mmea wenyewe, bila kuugusa.

Yafaa kukumbuka kwamba programu za simu zinazotaja majina ya mimea hukosea. Kamwe zisitumiwe kuamua kama mmea unalika.

Mwisho, wanafunzi wafundishwe la kufanya mwenzao akila mmea wasioujua: wamwite mtu mzima mara moja. Mtu mzima asimtapishe mtoto, bali amwahishe kituo cha afya pamoja na kipande cha mmea huo au picha yake, ili mganga ajue anapambana na sumu gani. Somo ambalo halikufika hapo bado halijakamilika.