Je, Wajua? Kiti na Mgongo Wako

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupumzika kwa takriban saa 10 kwa siku, karibu sawa na watu wa ofisini. Tofauti ni kwamba wao huchuchumaa sana, na misuli ya miguu huendelea kufanya kazi kiasi.

• Visahani vilivyo kati ya pingili za mgongo wa mtu mzima karibu havina mishipa ya damu. Hulishwa vizuri mwili unaposogea.

• Charles Darwin alikifungia magurudumu kiti chake cha kazi katika karne ya 19.

• Unafanyia kazi nyumbani? Pima kiti chako: nyayo zikanyage sakafu, vidole viwili vipite kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Kiti cha plastiki kimekuwa kirefu? Kanyagia tofali, kunja kanga uiweke kiunoni.