Bei ya Kuahirisha Kesi

Mfumo wa haki jinai wa Tanzania, yaani mlolongo wa kazi unaoanzia polisi, ukapitia kwa waendesha mashtaka na mahakama hadi kufika magerezani, hugharimiwa kwa mafungu tofauti ya bajeti: Polisi na Magereza wana mafungu yao chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ina lake, na Mahakama vilevile. Mgawanyo huo una msingi, kwa kuwa hakimu hapaswi kutegemea mfuko wa mpelelezi, lakini ndio pia unaoficha gharama ya muda, kwani ofisi inayochelewesha kesi siyo inayomlisha mtu anayeisubiri.

Mtu huyo ni mahabusu, mshtakiwa anayeshikiliwa gerezani kabla ya hukumu, ama kwa kukosa wadhamini, ama kwa sababu kosa analoshtakiwa nalo, kama mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha au utakatishaji wa fedha, halina dhamana kisheria. Kwa kawaida hurudishwa mahakamani kila baada ya siku 14 ili kesi itajwe. Siku hiyo karandinga hutiwa mafuta, askari wenye silaha hupangwa zamu, na mahabusu huhesabiwa wanapotoka na tena wanaporudi. Huko mahakamani wakili wa Serikali husimama na kueleza kwamba upelelezi haujakamilika, hakimu hupanga tarehe nyingine, na jalada hufungwa baada ya dakika chache. Katika kesi ya mauaji hakimu huyo hana hata mamlaka ya kuisikiliza, kwani kazi yake ni kuitunza mpaka iwe tayari kupelekwa Mahakama Kuu. Mshtakiwa akisubiri miaka mitatu kwa utaratibu huo, atakuwa amesafirishwa mara zipatazo 78 kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa.

Hatua zinazosifiwa kwa kuipunguzia Serikali mzigo wa magereza hazimgusi. Rais John Magufuli aliagiza mwaka 2018 kwamba wafungwa wajilimie chakula, na Desemba 9, 2019 akawasamehe wafungwa 5,533. Lakini mahabusu hawezi kupangiwa kazi ya shamba kama mfungwa, kwa kuwa ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye hatia, wala hawezi kusamehewa adhabu ambayo hajapewa. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayoruhusu kifungo kifupi kutumikiwa nje ya gereza, nayo humsubiri ahukumiwe kwanza. Kwa maneno mengine, asiyethibitika kuwa na kosa ndiye ambaye gharama yake hairudishiki.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaligusa kiini cha tatizo kwa kuzuia mashtaka kufunguliwa kabla upelelezi haujakamilika, ila yakayaacha nje makosa makubwa na yale yanayosikilizwa na Mahakama Kuu, ambayo ndiyo hasa yanayowaweka watu mahabusu kwa miaka. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyowasilisha ripoti yake Julai 2023, ilipendekeza chombo cha taifa cha upelelezi kinachojitegemea. Pendekezo hilo lina mantiki, ingawa litaongeza fungu jingine, na magari mengine, katika orodha ambayo tayari ni ndefu. Litakuwa na faida kwa umma ikiwa tu siku za kusubiri zitapungua.

Wabunge wanaopitisha mafungu hayo kila mwaka wanapaswa kudai takwimu moja inayoyaunganisha yote: kila kesi iliyoahirishwa kwa sababu ya upelelezi imeligharimu taifa shilingi ngapi, na gharama hiyo iandikwe kwenye hesabu za ofisi iliyoomba ahirisho.