Biskuti za Jibini Zinazotaka Mkono Mwepesi

Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, biskuti si kile kitafunwa kikavu cha pakiti kinachochovywa kwenye chai. Ni mkate mdogo, laini, unaoliwa ungali moto, pamoja na supu, mayai, samaki au kuku wa kukaanga. Hautiwi hamira. Kinachouumua ni beking pauda, kwa hiyo tangu unga uingie bakulini hadi watu wakae mezani, nusu saa hivi inatosha.

Katika ukoo huo ipo biskuti isiyohitaji meza ya kusukumia wala kopo la kukatia duara. Mchanganyiko wake ni mzito kuliko wa keki, lakini ni laini na wa kunata kuliko donge la chapati. Huchotwa kwa kijiko na kudondoshwa kwenye trei, donge baada ya donge, kila moja na umbo lake. Ikitiwa jibini kali, kitunguu saumu na pilipili manga kidogo, hata mtu ambaye hajawahi kuoka anaweza kuitengeneza vizuri siku ya kwanza, mradi akubali jambo moja: mikono ifanye kazi ndogo kuliko inavyotamani.

Zamani haikuwa hivyo. Kabla beking pauda haijaenea, kusini mwa Marekani kulikuwa na biskuti za kupondwa. Donge la unga na mafuta ya nguruwe liliwekwa juu ya ubao mgumu au kigogo, likapigwa kwa mti au mpini wa shoka kwa nusu saa au zaidi, likikunjwa na kupigwa tena, ili hewa iingie. Kwa miaka mingi kazi hiyo iliwaangukia watumwa weusi. Abby Fisher, aliyezaliwa utumwani South Carolina, baadaye alihamia San Francisco na kuwa mpishi mwenye sifa, na mwaka 1881 kitabu chake cha mapishi kikachapishwa. Hakujua kusoma wala kuandika. Yeye alisimulia, wengine wakaandika. Kitabu kinafunguliwa kwa biskuti za kupondwa za Maryland. Fisher anastahili kutajwa kila biskuti za kusini zinapozungumzwa, kwa sababu ufundi huu ulijengwa na mikono kama yake, na mingi kati ya mikono hiyo haikuandikwa jina popote.

Kemia ndiyo iliyoondoa kazi ya kuponda. Mwaka 1856 Eben Horsford, profesa wa kemia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipata hataza ya tindikali ya ungaunga iliyotengenezwa kutokana na mifupa. Tindikali hiyo ikikutana na beking soda katika unyevu, hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo huinua unga bila mtu kutoka jasho. Beking pauda nyingi za siku hizi hufanya kazi mara mbili: hutoa gesi zinapolowa, kisha hutoa tena zinapopata joto la oveni.

Ulioifanya biskuti ya jibini ijulikane hata mbali na kusini ni mkahawa wa samaki wa Red Lobster, uliofunguliwa na Bill Darden mjini Lakeland, Florida, mwaka 1968. Mwaka 1992 ulianza kuwaletea wateja biskuti za kudondosha zenye jibini ya cheddar na kitunguu saumu, ambazo baadaye zilipewa jina la Cheddar Bay. Wateja walizipenda mno, hata ikafika wakati unga wake uliochanganywa tayari ukauzwa madukani. Pakiti hiyo si ya lazima hata kidogo. Karibu kila kinachohitajika ni vitu vya kawaida vya jikoni.

Kwa biskuti kama 12, hupimwa gramu 250 za unga wa ngano, sawa na vikombe viwili, vijiko viwili vya chai vya beking pauda, nusu kijiko cha beking soda, nusu kijiko cha chumvi, kijiko kimoja cha sukari, kimoja cha unga wa kitunguu saumu na pilipili manga kidogo. Jibini iliyokwaruzwa ni gramu 120. Siagi ni gramu 115, na mtindi, au maziwa lala kama wanavyoita Kenya, ni mililita 240. Asiye na mtindi hukamulia kijiko kikubwa cha maji ya limau kwenye kikombe cha maziwa na kuyaacha dakika kumi. Uchachu huo si wa ladha tu. Ndio unaoiamsha beking soda.

Unga nao una tabia zake. Ngano ikilowa na kukorogwa, protini zake hushikana na kufanya nyuzi za gluteni zinazovutika. Kwenye chapati hilo ni jambo jema, kwa biskuti ni balaa. Ndiyo maana wapishi wa kusini huusifu unga wa White Lily, uliozaliwa Knoxville, Tennessee, mwaka 1883: husagwa kutoka ngano laini yenye protini kidogo. Kwingineko, unga wa kuokea keki unafaa. Kama upo wa kawaida tu, katika kila kikombe vijiko vikubwa viwili vya unga hutolewa na nafasi yake kujazwa na wanga mweupe wa mahindi, ule wa kukolezea supu.

Sasa siagi. Mtindi uwe wa baridi, umetoka kwenye friji. Siagi iyeyushwe, iachwe dakika chache ipoe kidogo, kisha imiminwe ndani ya mtindi huku ikikorogwa. Papo hapo inaganda na kuwa punjepunje, kama maziwa yaliyokatika, na anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani ameharibu. Hajaharibu chochote. Punje hizo zikifika ovenini zinayeyuka, maji yaliyomo kwenye siagi yanageuka mvuke, na mvuke unaacha vitundu vinavyoifanya biskuti iwe nyepesi.

Mtindi huo wenye siagi humwagwa juu ya unga uliokwisha kuchanganywa na jibini, na hapa ndipo mkono mwepesi unapohitajika. Mwiko uzungushwe mpaka unga mkavu usionekane, basi. Mabongemabonge yaachwe yalivyo. Anayeendelea kukoroga ili apate ulaini atatoa ovenini kitu kigumu cha kutafuna.

Jibini nzuri kwa kazi hii ni cheddar iliyokaa muda mrefu. Asili yake ni kijiji cha Cheddar, Somerset, Uingereza, ingawa leo hutengenezwa sehemu nyingi, Kenya ikiwemo. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa kali, na ukali ndio unaopenya kwenye unga. Afadhali ikwaruzwe nyumbani, kwani ile inayouzwa ikiwa imekwaruzwa tayari hupakwa wanga ili isishikane, na wanga huo huizuia kuyeyuka vizuri. Mashariki mwa Kongo wana jibini ya Masisi, inayofuata mtindo wa gouda. Huyeyuka vizuri ila ni pole, kwa hiyo nusu kijiko cha unga wa haradali huipa makali.

Oveni iwe imeshafika nyuzi 220 kabla trei haijaingia, vinginevyo donge litatandazika badala ya kuinuka. Dakika 14 hadi 16 zinatosha. Utamu wa kutazama uko kwenye kingo: chembe za jibini zilizochungulia nje zinayeyuka juu ya trei, zinatoa povu, kisha zinakauka na kuwa ukoko wa kahawia unaovunjika kwa mlio. Biskuti zikitoka, hupakwa siagi iliyoyeyushwa na kitunguu saumu kilichopondwa.

Kukosa oveni si kikwazo. Wamarekani wa karne ya 19 walioka biskuti katika sufuria zito la chuma lililopangwa makaa chini na juu ya mfuniko, na mtu yeyote wa Pwani aliyeoka mkate wa kumimina kwa moto wa juu na chini anaujua mpango huo. Makaa mengi yawe juu, machache chini, maana siagi na jibini huungua upesi zikikaribiana na chuma cha moto.

Biskuti hizi huanza kukauka siku ya pili. Kwa familia ndogo, njia bora ni kudondosha madonge yote kwenye trei, kuyagandisha kwenye friza, kisha kuyatia kwenye mfuko na kuyarudisha humo. Siku ya supu hutolewa yanayohitajika tu, yakaingia ovenini yangali na barafu na kuongezewa dakika tatu au nne.