Stima Ikipotea, Msianze Kujenga Upya

Kikundi cha vijana kikipewa kompyuta kuukuu ya kujifunzia kuandika programu, mara nyingi mashine yenyewe ni ya biti 32, na wengi wameacha kuzihudumia. Debian, kwa mfano, toleo lake la 13 la mwaka 2025 halina tena kisakinishi cha mashine hizo. Basi anayetaka kompaila mpya hujijengea mwenyewe. Kompaila ni ile programu inayogeuza maandishi ya mtunzi kuwa lugha ya mashine. Iliyoenea sana na isiyo na malipo ni GCC, na kuijenga kwenye mashine dhaifu huweza kula siku nzima au zaidi.

Na sisi wa pwani stima twazijua. Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, zilipotea karibu nchi nzima, seuze zile za kila mvua kubwa. Kompyuta ikizima katikati ya kazi, wengi huona yote yameharibika, wakaanza mwanzo. Si lazima.

Ujenzi huu huongozwa na programu iitwayo make, aliyoitunga Stuart Feldman wa Bell Labs, Marekani, mwaka 1976. make hulinganisha saa. Kipande kilichojengwa kikiwa kipya kuliko maandishi yake, hukiruka. Ni kama fundi wa nyumba ya mawe: saruji ikiisha havunji ukuta, akirudi huendelea pale pale. Lakini fundi mzuri kwanza hutikisa kozi ya mwisho, ile iliyonyeshewa kabla haijashika.

Hapo ndipo penye shida. Kipande kilichokuwa kikiandikwa stima zilipokatika huenda kimebaki kitupu au nusu. Kwa make hicho ni kipya, kwa hivyo itakiruka, na saa nyingi baadaye, vipande vikiunganishwa, kazi yote yakwama. Kwa hivyo mashine ikiwaka, iacheni ikague diski yake mpaka imalize. Ingieni folda ileile ya ujenzi, mwandike:

find . -name '*.o' -size 0 -print -delete

Hiyo hutaja vipande vitupu na kuvifuta. Kipande kikiwa na jirani wa jina lilelile mwenye mwisho .lo, naye afutwe. Vilivyoandikwa dakika chache kabla ya giza futeni pia, hata vikionekana vizima; kuvijenga tena ni kazi ndogo.

Kisha tarehe. Hili husahauliwa sana. Kompyuta kuukuu betri yake ya saa, ile ya duara kama sarafu, mara nyingi imekufa, na umeme ukikatika saa hurudi nyuma miaka. Vipande vipya vitaonekana vya zamani kuliko maandishi yake, na kila mkiandika make itavijenga tena. Andikeni date, mtazame, mrekebishe kabla ya kuendelea. Betri yenyewe kwa kawaida ni CR2032, haihitaji harambee.

Sasa andikeni make, basi. Si make clean, hiyo hufuta kila kitu. Wala msirudie configure. Na -j4, ya kufanya kazi nne pamoja, waachieni wenye mashine kubwa, maana kumbukumbu ikijaa kazi huuawa katikati.

Ambao hamjaanza, wekeni --disable-bootstrap mnapoandika configure. Kwa kawaida GCC hujijenga mara tatu ili ijihakiki. Hivyo itajijenga mara moja tu.